Kitabu cha Langoni na Sufuria ya Sita

Ripoti ya kamati ya maafa imekwisha kuchapishwa. Ina jalada gumu linalong'aa, na juu ya jalada hilo kuna picha ya bwana mmoja aliyevaa aproni ya rangi ya machungwa, akipakua maharage huku akiitazama kamera badala ya kuyatazama maharage. Chini ya picha wameandika kwamba sekta binafsi iliwalisha waathirika wa mafuriko tangu siku ya kwanza. Nimetunza kumbukumbu za serikali kwa miaka thelathini na ushei, nami sina budi kusahihisha. Bwana yule hakuwapo siku ya kwanza. Hakuwapo ya pili wala ya tatu. Sufuria anayopakulia si yake, na mwiko ameushika kama mtu anayeshika kipaza sauti.

Ningeweza kuyanyamazia haya, kwa maana jalada la ripoti halijawahi kumuua mtu. Lakini kwa sababu ya picha hiyo mwanamke mmoja alikaribia kupoteza mahali pake pa kuuzia katika soko la Kalerwe, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asidhani nimekuja hapa kujisifu.

Nilistaafu nikiwa afisa wa masjala. Naishi Bukoto, ghorofa ya pili, nami nilikuwa nimeanza kuzoea raha ya kutoulizwa faili fulani liko wapi, mara simu ikalia. Alikuwa mkuu mpya wa ofisi yangu ya zamani.

"Madamu, tunakuomba urudi kwa miezi michache tu. Kuna kamati mpya ya maafa, na hapa hakuna anayejua droo ipi ina nini."

"Karatasi za maafa ziko droo ya tatu kutoka dirishani."

"Ya tatu ina panya, Madamu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Nikarudi. Sikurudi kwa uzalendo, kama alivyosema yule mkuu aliponitambulisha. Nilirudi kwa ajili ya droo.

Hapa inabidi niseme neno juu ya marehemu baba, maana bila yeye mkasa huu hauelezeki. Alikuwa konstebo kutoka kaskazini, mama alikuwa Mnubi, na sisi watoto tulilelewa katika kambi ya polisi, ambako baba alisali Jumapili, mama akasali Ijumaa, nasi tukala sikukuu zote. Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha kambini, kile cha amri na matusi. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, kwa vitabu na kwa ukaidi. Baba alikaa kaunta ya kituo. Alinifundisha kwamba kinachoingia kituoni huandikwa jinsi kilivyo, pamoja na kovu lake, ili kitakapotoka kisipate nafasi ya kuwa kitu kingine. Mkanda haukuandikwa "mkanda". Uliandikwa "mkanda mweusi, tundu la tatu limepasuka". Na kila ukurasa wa kitabu aliugonga muhuri kabla ya kuandika herufi ya kwanza, ili asije mtu akachomeka ukurasa wake.

Mafuriko yale hayakuwa ya ajabu. Mvua ilinyesha, mfereji mkubwa ukasongwa na chupa na mabaki ya kabichi kama kawaida yake, maji yakapanda sokoni Kalerwe na katika nyumba za nyuma yake. Vibanda vya ukingoni vilikwenda. Familia zilizokimbia makwao zikawekwa katika shule moja ya msingi iliyokuwa imefungwa kwa likizo, nami nikapewa meza langoni.

Juu ya meza hiyo nilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa Rejista ya Wadau, kitabu kikubwa cha kupendeza kilichotolewa na kamati, chenye safu ya jina la taasisi, namba ya usajili, mchango na saini. Humo ndimo biashara binafsi zilimotakiwa kuandikwa zinapokuja kuisaidia serikali, maana kamati ilikuwa imetangaza kwamba serikali haiwezi peke yake, jambo ambalo watu wa Kalerwe walikuwa wakilijua bila tangazo. Cha pili kilikuwa kitabu cha langoni. Hiki hakuna aliyeniagiza. Nilikianzisha mwenyewe baada ya mwalimu mkuu kunilalamikia kwamba katika mafuriko yaliyotangulia shule ilipoteza sahani, ndoo na ubao mmoja wa kuandikia. Sijui mtu anayekimbia maji hufanya nini na ubao. Niligonga muhuri wa ofisi kila ukurasa, kama baba, nikaanza.

Siku ya kwanza, saa moja na dakika kumi asubuhi, zilifika bodaboda mbili. Ya kwanza ilimbeba mwanamke mpana mwenye mtandio wa zambarau, amepakata sufuria kubwa kama anayepakata mjukuu. Ya pili ilibeba sufuria nyingine tano, zimefungwa mgongoni mwa dereva hata akafanana na kobe. Mwanamke yule watu wote walimwita Hajati, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Simama hapo," nilisema. "Unakwenda wapi na vyombo hivi?"

"Kupika."

"Umetumwa na nani?"

"Na njaa."

"Njaa yako?"

"Yangu nilishaipa chai mapema. Hii ni ya hawa watu yako, Madamu. Kwani hawajalia bado?"

"Una barua ya taasisi yako? Yenye nembo na muhuri?"

Alizitazama sufuria zake moja moja, kana kwamba barua hiyo ingeweza kuwa imedumbukia humo.

"Mimi nauza chai na maharage pale kwa kona ya mfereji. Banda yangu imeenda na maji. Kama ilikuwa na nembo, nembo pia imeenda. Tuma askari yako aifuate, labda imefika ziwani."

Askari wa lango alicheka, nikamtazama, akaacha. Nikamweleza Hajati, kwa sauti ya ofisini, kwamba asiye na barua hawezi kuandikwa katika Rejista ya Wadau. Alinijibu kwamba amekuja kupika, hakuja kuandikwa. Nikaona tumeelewana, nikamruhusu apite. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mtu alikuja na chakula, nikamdai karatasi. Alipokosa karatasi nikakipokea chakula na kumwacha yeye nje ya Rejista.

Lakini sufuria niliziandika katika kitabu cha langoni. Niseme ukweli: niliziandika kwa dhana mbaya. Shule ilikuwa na sufuria zake jikoni, nami niliwaza kwamba mwanamke huyu akiingia na sita anaweza kutoka na nane. Kwa hiyo nilizikagua moja baada ya nyingine, nikaandika ukubwa, mibonyeo na masizi. Ya sita ilikuwa na kiraka cha shaba karibu na mshikio wa kushoto, umbo la nusu mwezi, kimeshikizwa kwa misumari mitatu iliyopondwa.

"Andika vizuri," alisema Hajati akiwa amesimama juu ya bega langu. "Na andika hii kiraka alitia marehemu bwana yangu, kwa mkono yake."

"Hiyo si alama ya chombo, Hajati."

"Ni alama kubwa kuliko zote umeandika hapo."

"Kitabu hiki ni cha vyombo. Si cha marehemu."

"Kale," alisema, yaani haya, na akaingia zake kuwasha moto.

Alipika siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Wauzaji wa Kalerwe, ambao wenyewe walikuwa wakikausha magunia juani, walimtumia maharage, unga wa posho, huo wa ugali, kabichi zilizochubuka na mkaa. Nilikula pia. Naandika hivyo kwa sababu kumbukumbu hazikai sawa mwandishi asipokuwemo. Maharage yalikuwa mazuri mno, na nilipomwambia hivyo alijibu, "Una barua ya kuyasifu?"

Siku ya tatu niliondoka langoni kwenda kuandika mukhtasari wa mkutano wa kamati na wafanyabiashara, katika hoteli moja Kansanga. Mada ilikuwa ushirikishwaji wa sekta binafsi katika kukabili maafa. Tulianza kwa sala, halafu wimbo wa taifa, halafu kujitambulisha, na kujitambulisha kukatufikisha kwenye chai. Kila aliyesimama aliomba itifaki izingatiwe, kisha yeye mwenyewe akaizingatia kwa kirefu. Baada ya chai mtaalamu mmoja alichora ubaoni duara la serikali na duara la biashara, akayapandanisha, na pale yalipopishana akaandika "mwathirika". Mama mmoja wa duka la dawa akauliza kama mwathirika hastahili kuwa na duara lake. Swali hilo liliahirishwa hadi kikao kijacho. Sikumbuki kikao hicho kuwapo.

Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza bwana wa jalada. Alikuwa meneja wa kampuni ya juisi yenye ofisi papo hapo Kansanga. Alisema kampuni yake si ya juisi tu, bali ni familia, kwamba imeguswa, kwamba kesho itafika shuleni na kifurushi cha matumaini. Watu walipiga makofi. Katika mukhtasari niliandika, "Aliahidi juisi."

Kesho yake lori lilifika kweli, saa tatu na nusu asubuhi, na likasimama nje ya lango. Watoto walikuja kushika nondo za lango wakilitazama. Nikaenda kwa meneja.

"Ingizeni tu. Watoto wana kiu."

"Mama yetu, mgeni rasmi hajafika. Tukitoa kabla yake, tutakuwa tumempa nani?"

"Watoto."

"Watoto wapo tu," alisema kwa upole. "Mgeni rasmi ana ratiba."

Mgeni rasmi alifika saa nane. Wasichana wenye fulana za machungwa walitoka mbio wakabandika vibandiko vya kampuni juu ya kila kilichosimama: meza, viti, mti, na bega la askari wangu. Meneja akatambua kwamba boksi za juisi hazitoi moshi, na mpiga picha alitaka moshi. Akamwendea Hajati.

"Mama Hajati, tuazime sufuria moja kwa picha."

"Iko na maharage."

"Hayo hayo ndiyo tunayataka."

"Basi pakua vizuri. Mwiko siyo simu."

Wakabandika kibandiko juu ya sufuria ya sita, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele. Meneja alipakua sahani tatu. Ya tatu alipewa mpiga picha. Kisha yakaja makabidhiano rasmi, nami nikafungua Rejista. Kampuni ilikuwa na barua yenye nembo na muhuri, na barua ilisema kwamba kampuni imetoa "chakula moto na vinywaji tangu kuanza kwa maafa". Nilijua kwamba si kweli. Harufu ya ukweli ilikuwa ikinipuliza kutoka jikoni. Lakini safu ya mchango ilikuwa na maneno haya juu yake: kwa mujibu wa barua. Nikanakili barua. Hilo lilikuwa kosa la pili.

La tatu lilifuata baada ya nusu saa. Wasichana walipakia lorini kila chenye kibandiko, isipokuwa mti na askari. Nilikuwa nimechoka na jua, na lori lilipotoka sikulikagua. Katika kitabu cha langoni niliandika: "Vifaa vya kampuni, mchanganyiko." Kwa miaka yote ya kazi nilikuwa nimewakemea makarani kwa neno hilo. Mchanganyiko ni neno la mtu asiyetaka kuinama. Baba angenivua vyeo.

Familia zilipoanza kurudi makwao Hajati naye alifunga jiko. Nikahesabu sufuria zinazotoka.

"Tano," nilisema.

"Ziliingia sita. Wewe mwenyewe uliandika, ukahesabu hata mibonyeo."

"Ndiyo. Sita ziliingia."

"Sasa hii kitabu yako inajua kuhesabu kuingia peke yake?"

Niliacha mstari wa sufuria ya sita wazi, upande wa kutoka.

Miezi kadhaa ikapita. Mkandarasi binafsi akajenga upya safu ya vibanda vya ukingo wa mfereji, vizuri, kwa matofali, ila vikawa vichache kuliko vya zamani. Kamati ikatoa barua: nafasi za kwanza zitakwenda kwa wadau walioshiriki kukabili maafa, kwa mujibu wa Rejista, waliosalia watazingatiwa katika awamu ya pili. Kalerwe nzima inajua awamu ya pili ni nini. Ni mahali ambapo mambo hupelekwa kupumzika. Kibanda cha kona, pale Hajati alipokuwa ameuza chai tangu ujana wake, kilipangiwa kampuni ya juisi.

Alikuja kwangu Bukoto Jumamosi asubuhi, akapanda ngazi zote mbili bila kupumzika ili nisione kwamba amechoka. Nikamwekea chai. Akaitazama.

"Madamu, majani ya hii chai umeandika kwa kitabu gani? Mimi siyaoni hapa ndani."

"Hajati, sema kilichokuleta."

Akaweka mezani kijikaratasi cha kamati chenye picha ile ile ambayo baadaye ingekuwa jalada. Akakiweka kidole chake juu ya sufuria. Kibandiko cha machungwa kilikuwa kimeifunika nusu ya ubavu, lakini kwenye ukingo wake ilichomoza ncha ya nusu mwezi na msumari mmoja.

"Hii ni sufuria yangu, na maharage yangu. Hata moshi ni yangu. Sasa huyu amepewa na kona yangu. Mimi nitauzia wapi? Nina umri ya kuanza kutembeza chai kwa mguu? Niandike kwa hiyo kitabu yako kubwa."

"Siwezi. Rejista ilifungwa. Kumwandika mtu leo kwa tarehe ya nyuma ni kughushi."

Alikirudisha kidole juu ya picha.

"Kwa hiyo uongo ya huyu bwana ni halali kwa sababu aliwahi?"

Nimewahi kuulizwa maswali na makatibu wakuu, wakaguzi na tume mbili za uchunguzi, na sikumbuki kukosa jibu. Siku hiyo nilinyanyuka nikaenda kuongeza majani kwenye birika.

Nikiwa jikoni ndipo nilipokumbuka kitabu cha langoni. Kilikuwa katika droo ya tatu, mimi na panya tukikilinda. Sikuhitaji kuandika neno hata moja jipya. Dhana yangu mbaya ilikuwa imekwisha kuandika kila kitu, kwa saa na dakika, na muhuri juu yake.

Kamati ilikutana Jumatano. Mwenyekiti alikuwapo, mkandarasi alikuwapo, na meneja wa juisi alikuwapo akigawa juisi. Niliomba ruhusa nikasoma. Siku ya kwanza, saa moja na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja, muuza chai wa kona ya mfereji, na sufuria sita. Siku ya pili, mwanamke yule yule, saa moja kasoro robo, na gunia la maharage. Siku ya tatu vivyo hivyo, na mkaa. Siku ya nne, saa tatu na nusu, lori la juisi limefika, limesimama nje. Saa nne na nusu, limesimama nje. Saa tano na nusu, limesimama nje.

Mkandarasi akaanza kucheka ndani ya kikombe.

"Madamu," alisema mwenyekiti, "ilikuwa lazima uandike kila saa?"

"Lilikuwa limesimama kila saa, Mheshimiwa."

Meneja alijibu kwa heshima kubwa. Mimi ni mama yao, alisema, lakini sufuria zote duniani zinafanana, na ninachokiita kiraka ni kivuli cha kidole cha mpiga picha. Mwenyekiti naye akasema kitabu cha langoni hakitambuliwi na mwongozo wa kamati. Nikamwomba afungue Rejista anayoitambua na anionyeshe muhuri ndani yake. Alifungua, akafunua kurasa, akafunua tena. Hapakuwa na muhuri hata mmoja. Muhuri ulikuwa mezani kwangu langoni siku zote zile, ila mwongozo wa kamati haukuagiza Rejista igongwe, na hakuna aliyewahi kuuomba.

Watu wa serikali wanaweza kubishana na mafuriko, lakini hawabishani na muhuri. Mwenyekiti akaamua kwamba orodha ya vibanda itatiwa saini Ijumaa saa tisa. Kama kabla ya hapo nitathibitisha kwamba sufuria ya kwenye picha ndiyo sufuria ya kwenye kitabu, jina la Hajati litaingia. Kama sivyo, awamu ya pili.

Alhamisi nilikwenda Kansanga, ambako lori lile lilirudi na mchanganyiko wake. Nilivaa suti yangu ya kustaafia, nikakibana kitabu changu kifuani. Nilipoingia katika ofisi ya juisi sikuhitaji kutafuta. Sufuria ya sita ilikuwa pale mapokezi, kando ya kochi, imejaa maua ya plastiki. Kiraka kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Nikaigeuza.

"Mama, hilo ni pambo," alisema msichana wa mapokezi.

"Hili ni pambo la maharage," nilimjibu, nikalibeba na maua yake.

Langoni, mlinzi alinizuia. Alikuwa mtu wa makamo, viatu vyake vinang'aa, na daftari lake limenyooka juu ya meza sambamba na kalamu.

"Mama, uliingia nayo?"

"Hapana."

"Basi haitoki."

"Ni ya mtu ninayemfahamu."

"Ana barua? Yenye nembo na muhuri?"

Nilisimama pale na sufuria mikononi, maua ya plastiki yakinichoma kidevu. Nilitaka kukasirika, lakini sikupata pa kuanzia. Mlinzi yule alikuwa sahihi kabisa. Sijawahi kuona daftari zuri kama lile nje ya kituo cha polisi.

"Afande," nilimwambia, "unaandika vizuri. Ukikuta langoni kitu chenye ubishi, utaratibu wenu ni upi?"

"Kinarudi ndani. Ninaandika alama zake. Ninagonga muhuri wa lango. Mwenye kulalamika anapewa nakala ya kaboni."

"Basi mimi nalalamika."

Akachukua kalamu. Nilimsomea kutoka kitabu changu, naye hakuandika neno kabla ya kulihakikisha kwa kidole chake mwenyewe kwenye sufuria. Kiraka cha shaba. Nusu mwezi. Mshikio wa kushoto.

"Misumari mitatu," nilisema.

Alipapasa. "Mitatu, ndiyo. Mmoja umekaa upande."

"Weka na hilo."

Aliliweka. Akapenyeza kucha chini ya kiraka, akatoa mabaki ya kibandiko cha machungwa, akayaandika pia. Kisha akagonga muhuri, muhuri wa kampuni ya juisi, wenye chungwa lililokatwa nusu, akanikabidhi nakala. Sufuria ikarudi mapokezi. Mimi nikarudi mjini na karatasi.

Ijumaa, saa nane na nusu, niliiweka mbele ya mwenyekiti. Aliutazama muhuri kwa muda mrefu kuliko maneno. Meneja akasema mlinzi wa lango hana mamlaka ya kuisemea kampuni.

"Muhuri ni wenu?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni wetu, Mheshimiwa, lakini—"

"Na sufuria iko kwenu?"

"Ipo kwa muda, kama—"

"Kama pambo," nikamsaidia.

Hajati aliingia katika orodha. Hawakumweka kwenye wadau. Walimfungulia kifungu chake mwishoni, wakakiita "Wengineo", naye ndiye wengineo peke yake. Akapewa kona yake. Kampuni ya juisi ikahamishiwa awamu ya pili, ambako nadhani bado inapumzika. Nilipouliza habari ya picha ya jalada niliambiwa ripoti imekwisha kwenda mtamboni. Ndiyo maana ninaandika.

Wiki iliyofuata Hajati alitaka sufuria yake. Nikamwandalia rasimu ya barua aitie saini, yenye kumbukumbu namba na nafasi ya muhuri. Aliisoma yote, akanirudishia, akapanda bodaboda. Nami nikapanda nyingine nikamfuata, kwa sababu za kiofisi.

Aliingia mapokezi bila kusalimu, akayamwaga maua ya plastiki juu ya meza ya yule msichana, akajitwika sufuria kichwani juu ya mtandio wa zambarau, akatoka. Mlinzi alisimama.

"Hajati. Uliingia nayo?"

"Niliingia na kichwa. Hii inatoka juu yake. Wewe si ndiye uliandika misumari yake? Kuna mwingine iko na hiyo misumari?"

Mlinzi alifungua daftari, akarudi kwenye ukurasa wa Alhamisi. Akainua mkono, akapapasa kiraka pale pale kichwani mwa Hajati. Alihesabu.

"Andika," alisema Hajati.

Akaandika.

Jioni ile, kwenye kibanda cha kona, moto ukiwa umekwisha kuwaka, nilifungua kitabu cha langoni juu ya kaunta mpya ya matofali. Kwenye mstari wa sufuria ya sita, upande wa kutoka, niliandika tarehe, saa na neno "imetoka". Nafasi ilibaki kidogo. Nikaongeza kwamba kiraka kilitiwa na marehemu mume wa mwenye chombo, kwa mkono wake. Kisha nikapiga mstari.